Safu ya Sita

Daftari la ghala la silaha lina safu sita:
tarehe, jina, namba ya bunduki,
saa ya kutoka, saa ya kurudi,
na ya sita, pana kuliko zote: Maelezo.
Miaka tisa niliichorea kistari.

Bodi ilikaa siku tatu bwaloni,
meza imefunikwa blanketi la kijivu.
Kanali wa makao makuu akaniuliza:
"Koplo Naetwe, kulikuwa na dalili?"
Nikasema, "Hapana, afande."
Karani akaandika hapana.
Ni neno fupi, halikumlia wino.

Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema.
Lakini sisi wa Arusha, tunaolala chini ya Meru,
mawingu tunaamka nayo Juni yote, Julai yote,
yamelalia mabati hadi saa tano,
na nguo tunaanika, na zinakauka.
Nani angepiga mbiu kwa ajili ya wingu?

Sasa nayahesabu.

Siku Mama Ndeshi alisahau chumvi kwenye maharage
kombania nzima iligonga sahani.
Ntandu peke yake alimaliza, akaosha, akatoka.
"Yule mtoto ulimi wake umehama," Mama Ndeshi akaniambia.
Nikacheka.

Barua yake ya ruhusa, aende Ilongero kumzika mama,
ilitembea meza nne, ikapata mihuri mitatu.
Iliporudi, arobaini ilikuwa imepita,
na Sajini Lyatuu akaisoma mbele ya gwaride
akiigiza kilio cha mtoto mchanga, ili tuchangamke.
Tukachangamka.

Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio,
aligawa blanketi lake kwa kuruta mgeni, Gwandu.
Redio akampa kinyozi wa Sakina, bure.
Tukasema: ameokoka.

Akawa ananirudishia bunduki iliyosafishwa mno,
mafuta yakinibaki vidoleni hadi saa ya chai.
Sahihi yake, zamani ndefu,
yenye mkia wa kugusa mstari wa chini,
ikafupika. Agosti ilibaki N na nukta.
Niliiona.
Kazi yangu ni kuona sahihi.

Na ile Jumamosi, saa kumi na moja na dakika kumi,
Meru haionekani hata miguu,
alisimama dirishani, mkono hakuunyoosha.
"Koplo," akasema, "leo ukiniambia silaha zimeisha, nitaelewa."
Mimi nilikuwa na usingizi
na chai kwenye kifuniko cha chupa.
Nikamsukumia bunduki na risasi thelathini.
"Sahihi hapo, mwanangu."
Akaweka nukta, bila N.

Milio ilikuwa minne. Nilidhani ni mabati ya karakana.
Sajini Lyatuu alikuwa na mswaki mkononi.
Kuruta Gwandu alitoka mbio amejifunika blanketi lile lile,
akasimama katikati ya uwanja,
hajui alivue au abaki nalo.

Safu ya tano, mstari wa Ntandu, bado iko wazi.

Siku hizi naandika kwenye ya sita.
Amekohoa. Hajanyoa.
Ameuliza kama barua za Kondoa huchelewa.
Luteni mpya amenionya: daftari ni mali ya serikali,
si kibaraza cha umbea.
Ndiyo, afande.

Leo wingu limeshuka hadi kwenye mlingoti wa bendera.
Kijana wa zamu amesimama dirishani,
mkono hajaunyoosha.
Funguo zimo mfukoni mwangu. Nimeziminya,
nikamuuliza mama yake anaitwa nani.
Ameshangaa. Amenitazama kitambo kizima,
kisha akanitajia jina la Kirangi, polepole,
nami nikafungua kalamu
nikamwomba anitajie herufi moja moja.