Ile Hela

Mwaloni, alfajiri, dagaa hata sijawaanika,
simu inatetemeka kiunoni ndani ya kanga:
"Ile hela itume kwenye namba hii."
Hela ipi, na giza lote hili?
Juzi nilishinda droo nisiyoicheza.
Jana mganga asiyenijua aliniita mwanangu.

Nikapanda kituoni.
"Sheria ipo, mama," akasema Koplo Magesa,
"na faini ipo, na jela ipo."
Wino ndio haukuwepo.
Akaitikisa kalamu, akaipulizia,
na simu yake mezani ikalia mara moja.
Akaisoma. Akaifunika kifudifudi.
"Na mimi," akasema, "ile hela."

Nikashuka Kirumba nikimuwaza Nkwimba,
ninayemdai ndoo mbili tangu masika:
ndiye peke yake
asiyenisumbua.