Chumba Kisicho cha Mtu

Jumanne maji yalikatika, nami nikashukuru.
Bafu lilikauka kuta hadi sakafu,
halina harufu ya Shubiri wala ya Pojo,
na hicho ndicho tulichokitafuta:
chumba kisicho cha mtu.

Wiki mbili walikuwa wakitazamana kupitia wavu wa kuku
nilioununua Gikomba baada ya kurushiana maneno.
Shubiri upande wa jiko, miaka minne mwenye nyumba,
kijivu, sikio la kushoto limechanika.
Pojo upande wa kochi, aliyeletwa
ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia
juu ya mapaja ya Kwamboka, binti wa mume wangu,
ambaye naye alikuja na begi moja
na salamu moja.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Mimi siku ya tatu nilitoa soksi.
Nilimpangusa Shubiri mashavu na kidevu,
nikailaza soksi hiyo pale alalapo Pojo.
Ya Pojo nikampelekea Shubiri.
Akainusa. Akaikojolea.
"Ameipenda?" Kwamboka akauliza.
Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu lisilohusu ufunguo.

Hadithi zilitufundisha kuwa sungura ni mjanja.
Hakuna aliyetuambia kuwa ana kinyongo,
kwamba usiku hupiga mguu sakafuni
kama mwenye ploti mlangoni, tarehe kumi na moja,
na kodi haijaonekana.

Basi bafuni.
Yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi juu ya kifuniko cha choo,
taulo begani, glavu za kuoshea vyombo,
na fungu la sukuma wiki katikati, kama mahari.

Dakika ya kwanza, kimya.
Ya pili, kila mmoja alijilamba kwa bidii
kama wakwe waliokutana kwenye foleni ya benki.
Ya tatu manyoya yakapaa.
Kichwa kwa mkia, mkia kwa kichwa,
kijivu na kahawia vikawa gurudumu;
nikatupa taulo, Kwamboka akatupa kelele,
jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Glavu ilitoboka. Kwamboka aliutazama mkono wangu,
akatoka, akarudi na pamba na spiriti.
Hakusema pole. Alikipuliza kidonda
jinsi mtu fulani alivyowahi kumpulizia yeye.
Sikuuliza ni nani.
Picha yake iko chini ya begi, kati ya sweta mbili za shule.

Jumatano tena. Alhamisi tena.
Dakika kumi, kisha kumi na tano, kisha nne tu,
maana Shubiri aliamka vibaya.
Ijumaa saa nane usiku mabomba yalikohoa,
tukasimama na nguo za kulalia tukijaza mitungi,
mmoja anashika mpira, mwingine anasema "basi".
Bafu likalowa. Likawa letu tena, halifai.

Jumamosi tukawapandisha juu, kwenye kamba za nguo.
Julai ya Donholm: wingu kama sufuria iliyofunikwa,
shuka za ghorofa ya pili zikidondoka maji.
Wakakaa kwenye zege, mkono mmoja baina yao.
Kisha Shubiri akasogea, akainamisha kichwa
hadi chini ya kidevu cha Pojo.

Usidhani alikuwa anaomba radhi.
Kwa sungura, anayeinama ndiye anayeamuru:
nilambe.

Pojo akala jani. Akala jani jingine.
Akatazama upande wa barabara ya Outering,
kana kwamba anamjua mtu huko.
Shubiri hakuinua kichwa.
Shati la mtu likadondosha tone mgongoni mwake,
hakuinua kichwa.

Ulimi ukatoka. Mara moja, juu ya jicho.

"Usihesabu," Kwamboka akaninong'oneza.
"Sihesabu," nikasema.
Mbili. Tatu.