Daftari la Vipimo

Julai, Moshi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Ubaridi umewahi uwanjani kuliko sisi.
Mlima haupo; wingu limeshuka mpaka shingoni mwa migomba.
Tuko arobaini na mmoja, mwaka wa pili, chuo cha ualimu,
tumevaa trakisuti za kuazimana
na kanga juu yake, mpaka Mwalimu Kisanga aseme vueni.

Mimi nimepewa daftari.
Nina mwandiko mzuri, ndiyo dhambi yangu.

Mizani kwanza.
Wanavua viatu, wanavua saa, wanavua hereni,
kana kwamba hereni ni mawe ya Mto Karanga.
Renalda, hamsini kamili, anapigiwa makofi.
Aikande anapanda, mshale unakimbia,
na mtu huko nyuma anakohoa kikohozi kisicho cha kifua.
Naandika: sabini na tisa nukta nne.
Kalamu haina macho, ila mimi ninayo;
namwona anavyoitazama migomba.

Kisha kibanio, mdomo wa bata wa plastiki,
kinachobana nyama ya nyuma ya mkono.
"Mafuta si aibu," anasema mwalimu, "ni akiba."
"Ya benki gani?" anauliza Namnyaki.
Kicheko kinavuruga vipimo. Tunaanza upya.

Kukaa, kunyoosha miguu, kugusa vidole.
Mimi nilikomea sentimita nne kabla ya dole gumba.
Miaka miwili ya kusuka wenzangu, buku tano kichwa,
mgongo umekariri kiti.

Ndipo likaja benchi.
Panda, shuka, panda, shuka, dakika tatu,
mwalimu akigonga ndoo kwa kijiti.
Dakika ya pili Renalda akawa mweupe midomoni,
akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo.
Hakuwa amekula tangu chai ya jana jioni;
alijua kuna mizani.
Tukamnywesha uji wa mlinzi kwa kifuniko cha chupa.

Aikande alipanda na kushuka
kama yuko njiani kwao:
kutoka tambarare, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani,
kila likizo, mwinuko mtupu hadi Kibosho.
Ndoo iliponyamaza nikasubiri dakika, nikamshika kifundo cha mkono,
nikahesabu. Nikadhani nimekosea.
Nikahesabu tena.
Moyo ulikuwa umeshakaa, umekunja miguu,
unaendelea na shughuli zake.

Sisi wengine tulikuwa mia na ushei, tunahema kama mashine ya kukoboa.
Wa kwake nikauandika kwa wino, themanini na mbili,
nikausoma kwa sauti bila kuagizwa.
Yule wa kikohozi akauliza, "Ya nani hiyo?"
Hakuna aliyemjibu.
Aikande alikuwa anafunga kamba za raba.

Saa tatu jua likachungulia.
Mlima ukatoka nusu, ukaghairi.
Mwalimu akanyoosha mkono kwa daftari, nikamwambia subiri kidogo.

Kwenye mstari wangu, namba arobaini na moja,
uzito niliuandika kwa penseli,
pungufu kilo tatu, wakati kila mtu anatafuta viatu vyake.
Nikatafuta kifutio.
Namnyaki akanipa kipande cha kandambili.
Kilifuta vibaya, kikaacha kovu jeusi kwenye karatasi,
na juu ya kovu hilo, kwa wino,
nikaandika sabini na moja.