Upungufu wa Lithiamu

Ijumaa, Ngara. Manyunyu ya Julai.
Bi. Shamsa anapindua kopo juu ya trei,
vinadondoka vidonge tisa.
"Ndivyo hivyo, mwalimu. Vingine labda Jumatano."
Vyeupe, vya duara, mstari katikati.
Navihesabu tena kana kwamba hesabu huzaa.

Munyoki humeza viwili kwa siku,
mwaka wa kumi na mmoja sasa,
tangu usiku ule alipouza friji ya mama
akanunua rangi, akapaka milango yote ya ploti yetu Kayole
buluu, hata ya wasiotusalimia,
akasema amesikia dunia ikianza.

Pengine aliisikia.

Mimi hufundisha fizikia, kidato cha tatu.
Ubao wangu una ufa, basi ulimwengu wangu huanzia ufani:
kulikuwa na joto, nawaambia,
joto lisilo na jiko wala mpishi wa kulaumu.
Protoni na nyutroni zinapigana vikumbo kama Gikomba Jumamosi,
zinashikana mikono,
mwanga unazibandua.
Zinashikana,
mwanga unazibandua.
Ulikuwa mkali kuliko askari wa kanjo mwanga ule,
haukuruhusu wawili kusimama pamoja.
Na nyutroni ikiwa peke yake haina umri:
robo saa hivi, imeshavunjika.

Hata kukapoa kidogo.
Dakika tatu. Muda wa chai yangu kupanda na kumwagika
nikisahihisha madaftari.
Moja na moja zikashikana, zisibanduliwe tena,
haidrojeni nzito, posa ya kwanza.
Kisha wawili kwa wawili, nyumba ya wanne:
heliamu, robo ya uzito wa vyote vilivyokuwapo,
isiyotafuta rafiki, isiyodaiwa na mtu,
ile ile inayomtoroka mtoto na puto lake
siku ya kufunga shule.
Karibu yote iliyosalia ikabaki haidrojeni.
Imo katika manyunyu haya.
Imo katika mate ninayomeza mbele ya Bi. Shamsa.

"Na watano, mwalimu?" aliuliza Jerotich wa safu ya nyuma.
Nikamwambia ngazi ile ina vipago viwili vilivyokatika,
cha tano na cha nane. Ukikanyaga, unaporomoka.
Wachache mno walifika cha saba,
wachache ndani ya mabilioni kumi:
lithiamu, kama chumvi
ya mtu aliyeonja akarudisha kijiko.
Dakika ya ishirini chungu kikaepuliwa.
Chuma bado. Kaboni bado.
Vikangoja nyota, miaka milioni mia au zaidi,
gizani, bila kujua vinangoja.

Sitamdanganya mtu:
lithiamu nyingi ya leo ilipikwa baadaye, kwingine.
Lakini sehemu yake, katika kila kidonge,
ni ya chungu kile.
Na kuna hili, ambalo kengele ilinikatiza kabla sijalisema:
wakipima nyota kongwe kabisa
wanakuta theluthi tu ya lithiamu inayodaiwa na hesabu.
Hesabu imerudiwa. Nyota zimepimwa upya.
Theluthi mbili hazijulikani ziliko,
na hakuna wa kuwekwa ndani.

Nyumbani stima imepotea.
Munyoki amekaa kizingitini, koti la marehemu baba mabegani.
"Vingapi?"
"Tisa. Vinafika Jumanne usiku."
Namweleza habari ya nyota, sijui kwa nini,
labda ili asidhani ni Ngara peke yake.
Anacheka mpaka anakohoa.
"Kumbe hata huko juu stoo haina kitu!"

Anameza kimoja na maji ya mtungi.
Anasuuza glasi, anaipindua ikauke.
Vinane vimebaki kwenye bahasha ya kaki,
na mlango wetu, nikiufunga, bado ni buluu,
umechubuka tu pale mkono unaposhika.