Upindo wa Vidole Vinne

Ukitaka kujua mbao zinauzwaje Mafinga
usiwaulize madalali, watakuzungusha.
Njoo barazani kwangu, shika daftari hili
lenye jalada lililoungua kwa pasi ya mkaa,
usome mikono ya magauni.

Mwaka ule malori yalipopanga foleni hadi Changarawe
mikono ilivimba kama maandazi.
Mita tano gauni moja, kilemba mbali,
na maandishi ya pindo la kitenge yakaachwa nje makusudi
yasomwe na waliokaa benchi la nyuma kanisani.

Kisha moto ukapita mashambani, misonobari na miche yake.
"Mita mbili na nusu, fundi. Jibane."
Nikajifunza kukata kama mchinjaji wa mwaka wa njaa,
hatupi hata kwato.
Vipande nikaviunga vikawa sketi,
na kabla masika hayajaisha
wakaja wenye pesa zao, wameshuka kwenye gari,
kuniomba viraka.

Twilumba Mgimba alikuja na simu ya kioo kilichopasuka:
mwanamke kasimama penye joto,
mgongo wazi hadi kiunoni.
"Hivi hivi," akasema.
Nikatazama nje. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya viazi.
"Mwanangu, mwezi wa saba?"
"Hivi hivi."

Nikashona hivi hivi.
Baba yake alilipa kwa mafungu matatu:
noti, debe la njegere, na ahadi.
Ahadi bado imo daftarini.

Siku yenyewe alitoka kanisani shanga zikimwaka,
meno yakigongana kama cherehani isiyotiwa mafuta.
Picha zilipokwisha, mzee akamtupia koti lake begani,
la mtumba, la kijani, refu hadi magotini,
mgongoni jina la timu ya nchi fulani ya baridi
ambalo hapa hakuna ulimi uliowahi kulitamka.
Wasichana waliosimama langoni wakalitazama.
Jumatatu wanne walinijia na makoti ya baba zao:
"Fundi, tutilie shanga kwenye kola."

Hayo ndiyo ya kupigwa picha.
Yapo nishonayo ambayo hayapigwi.
Sketi ya shule naikunja upindo wa vidole vinne kwa ndani.
Mama huupapasa, hasemi kitu,
anafungua fundo la kanga, ananihesabia.
Kila Januari nafumua kidole kimoja,
na pale palipokuwa mkunjo hubaki mstari,
buluu ya siku ya kwanza dukani
juu ya buluu iliyochoshwa na jua na sabuni ya mche.

Ile ya binti wa Mama Luhwago ina mistari mitatu.
Jana ameirudisha, imefuliwa, inanuka moshi.
Nimeikunja yote upya, vidole vinne.
Mdogo wake anaanza darasa la kwanza.