Kitanda cha Tisa

Padri Ermete, figo zilipomshinda,
alinisomea mashairi ya kwao, ya miaka mia saba,
nami nikimkanda miguu kwa maji ya moto.
Alisoma Kitaliano, kisha akatafuta Kiswahili chake,
kile cha askari na madereva, kilichovunjika magoti.
"Pendo," alisema, "huingilia machoni,
hushuka moyoni, huketi, humfukuza mwenye nyumba."

Nikacheka. Langu liliingilia sikioni.

Wadi ya kifua kikuu hapa Kalongo,
chini ya lile jabali linalotufanya sote tuongee kwa sauti ndogo,
ina vitanda kumi na vinne.
Nami mfua mashuka, nyuma ya ukuta,
nilikijua kila kikohozi kama mtu ajuavyo mbuzi wake.
Cha Lanyero kilitoka kitanda cha tisa:
kikavu, kifupi, na mwishoni kicheko kidogo
kama cha mtu anayeomba radhi.

Padri akaniambia: shairi la kwao lina mistari kumi na minne,
na kwenye mstari wa tisa ndipo linapogeuka.
Linageukia wapi?
Akanyoosha kidole juu,
kisha mkono ukachoka, kidole kikaangukia blanketi.

Washairi wale, alisema, wapenzi wao hufa wangali vijana.
Hufa, wakawa nuru, wakawa ngazi;
mwanamume hupanda akilia, kidato kwa kidato,
mpaka amkute Mungu kileleni
na machozi yamemwishia njiani.

Mimi sikutaka ngazi.
Mashuka yake niliyafua peke yake, kwa maji mapya,
doa la damu nikalisugua kwa majivu na Salamu Maria,
nikisema: Mwenyezi, huyu usimfanye nuru.
Mwache awe mtu. Mwache anenepe.

Akanenepa.
Baada ya miezi minane alipanda lori la magunia ya simsim
lililokuwa likienda Patongo, kwa mumewe,
na hakugeuka. Ageuke kwa nini?
Hakuwahi kuniona.

Hapo ndipo nilipokielewa kidole cha Padri.
Si kilipoelekea juu. Kilipoanguka.

Tulimzika wiki ya mvua ya kwanza, udongo ukiwa laini.
Kitabu chake ninacho; kukisoma siwezi.
Usiku nakifungua, nahesabu mistari kwa ukucha,
nikifika wa tisa nasimama,
nategea sikio ukutani.

Kimya.
Basi amepona.