Mizunguko Ishirini na Miwili

Saa ya baba ilikuwa ya kutiwa ufunguo.
Kila alfajiri, kabla ya chai, kabla ya redio,
kabla hajamuuliza mtu ameamkaje,
alikaa ukingoni mwa kitanda pale Kintinku
akaishika kwa vidole viwili kama punje ya karanga,
akazungusha.
Krii, krii, krii.
Sisi chini ya blanketi moja tulihesabu naye
mpaka ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu hakuithubutu.
"Chuma nacho husema basi," alituambia,
"ila hukisikii kwa sikio. Unakisikia kidoleni."

Kisha akachukua bendera zake, nyekundu na kijani,
akaenda stesheni kuingoja treni ya Kigoma
iliyochelewa jana na itakayochelewa leo.
Saa yenyewe ilipoteza dakika moja kwa siku.
Aliirudishia jioni, bila kinyongo,
kama mtu anayelipa deni la chumvi dukani.

Alipostaafu tukamhamishia Dodoma mjini,
na kaka Yoramu, mshahara wake wa kwanza serikalini,
akamletea saa ya otomatiki.
"Hii haidai kitu, baba. Wewe tembea tu.
Mkono ukienda, nayo inakwenda."
Mgongo wake wa kioo: ndani, nusu mwezi wa chuma
ukiyumba huku na huku kama mlevi wa wanzuki.
Tulicheka wote. Hata mama.

Ile kuukuu ikaingia kopo la Kimbo
pamoja na vifungo na karatasi za pensheni.
Ila alfajiri baba aliendelea kukaa ukingoni mwa kitanda,
kidole gumba na cha shahada vikisuguana.
"Unazungusha nini?" mama aliuliza.
"Hakuna," alijibu. Na kweli hakukuwa na kitu.

Nilimpelekea fundi Mlewa, sokoni Majengo, swali langu.
Akaondoa lenzi jichoni.
"Otomatiki ni bora, dada. Vumbi la hapa haliingii ovyo,
kizibo hakichakai, mtu hasahau.
Hiyo ya ufunguo ni kazi ya kila siku."
Nikasema, ndiyo, nimesikia.
Nikasimama pale kibandani muda mrefu
kama mtu aliyepewa chenji pungufu na haoni pa kuanzia.

Juni, upepo ukivuta mabati,
baba alianguka mlangoni na ndoo mkononi.
Upande wa kushoto ukakataa, na nusu ya mdomo.
Siku ya tatu wodini nesi aliuliza saa ngapi.
Nikauangalia mkono wake: saa nne na dakika kumi.
Nje jua lilikuwa linazama.

Saa ilikuwa imekufa juu ya mkono ulio hai.
Niliigusa: kioo baridi, na chini yake
mshipa ukigonga, ukigonga, wala hausaidii kitu.
Yoramu akaivua, akaitikisa kwa nguvu
kama anayemwamsha mlinzi,
akamvalisha mkono wa kulia. Ikaanza kwenda.
Baba akageuzia uso ukutani.

Kesho yake nilikuja na kopo la Kimbo zima,
vifungo vikilia ndani ya kikapu.
Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kutia ufunguo
kunataka mikono miwili:
mmoja wa kushika, mmoja wa kuzungusha.
Wa kushika ulikuwa umelala kando yake kama wa mtu mwingine.

Nikashika mimi.
Yeye akazungusha.
Krii. Akapumua. Krii.
"Ttano," alisema, mate yakimtoka. "Ssita."
Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kuhesabu naye.
Kumi na nne, vidole vikateleza, akalala.

Ilibaki minane. Ningeweza.
Kizibo kilikuwa hapo hapo, kina joto lake.
Niliifunga saa kwenye chandarua, usawa wa jicho lake,
nikaondoka kuwahi basi la mwisho la Nkuhungu.

Alfajiri niliikuta bado inatembea,
imechelewa dakika tatu,
naye macho wazi,
mkono wa kulia umeshainuliwa.